Kitambaa Cheupe Kwenye Dumu

Meneja wa dobi aliingia stoo ya dawa kinyumenyume, huku akiongea, kama mwenye nyumba anayemwonyesha mpangaji vyumba.

"Kila kitu kina lebo, Mkaguzi. Hapa klorini. Hapa asidi. Pale sabuni ya maji. Mtu mwenye macho mawili hawezi kukosea. Ndiyo maana nasema, na polisi wanasema, hili halikuwa kosa."

Mkaguzi wa usalama kazini alisimama mlangoni akipima chumba kwa macho. Hatua tano kwa nne, hakuna dirisha. Upande wa kushoto mapipa mawili makubwa ya buluu ya kujazia madumu, la klorini na la asidi, yalikuwa yamelazwa juu ya vyuma, kila moja na koki yake. Kulia palikuwa na rafu ya madumu ya lita ishirini. Katikati lilikaa tangi la plastiki lenye mpira uliopenya ukutani kwenda kwenye mashine za kufulia.

Tangi hilo lilikuwa la asidi. Asidi kidogo hutiwa kwenye maji ya mwisho ili kukata ukali wa sabuni, shuka zisiwawashe wagonjwa. Jana, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mfanyakazi wa zamu alimimina humo dumu zima, na dumu lile halikuwa la asidi. Lilikuwa na klorini. Vitu hivyo viwili vikikutana havina mazungumzo. Hewa ya kijani iliyochanganyika na njano ilijaa chumba kabla hajaliweka dumu chini. Alitambaa hadi kizingitini. Saa tisa alasiri alikata roho hospitalini, mapafu yake yamejaa maji.

Sasa ilikuwa saa nne kasorobo. Saa nane mchana, mtunza stoo hii, mwanamke ambaye dobi nzima ilimwita Mama Dawa, angepelekwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Aliyekufa alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake. Shtaka hilo likishasomwa, dhamana hakuna. Sajini wa upelelezi alikuwa amemruhusu Mkaguzi kutazama eneo la ajali "kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi yenu," na alisema hivyo huku anapiga miayo.

Mkaguzi alivaa glavu, akachutama mbele ya rafu.

"Lebo hizi zimebandikwa lini?"

"Zipo siku zote."

"Siku zote?"

"Tangu tufungue."

Aligeuza dumu moja kuelekea kwenye taa. "Klorini ikidondoka kwenye plastiki hii inaacha mchirizi. Tazama huu. Unaanzia mdomoni, unashuka, unapita chini ya lebo, unatokeza upande wa pili. Juu ya karatasi yenyewe hakuna doa hata moja." Akaligeuza la pili, kisha la tatu. "Matone yako yana adabu sana, Meneja. Yakifika kwenye lebo yanainama yapite chini."

Meneja alitoa leso, akafuta shingo.

"Zilibandikwa jana jioni," alisema Mkaguzi. "Gundi bado inanata."

"Tulikuwa tunaboresha."

"Kabla ya kuboresha, watu walijuaje kilichomo?"

"Wana utaratibu wao."

"Upi?"

"Waulize wao. Mimi ni wa ofisini."

Mkaguzi aliinuka, akaenda kwenye swichi ya feni ya kutolea hewa. Ilikuwa imefungwa kwa utepe wa gundi, tabaka juu ya tabaka, la chini limeshageuka rangi ya ugoro. Aliubandua na kuwasha. Feni ilikohoa, ikazunguka, ikamwaga vumbi la miezi.

"Hiyo ilizimwa kwa sababu," Meneja aliwahi. "Inatokezea upande wa shuka safi. Hospitali wanalalamika."

"Na klorini kukaa chumba kimoja na asidi? Kanuni inataka ukuta katikati."

"Kanuni zimeandikwa na watu wenye nafasi."

"Kanuni zimeandikwa na watu waliozika," alisema Mkaguzi. "Nipe daftari la matukio."

Daftari lilikuja likiwa safi kupita kiasi. Kurasa tisa tu zilikuwa na maandishi. Aliyapitia kwa kidole: kidole kilichobanwa, kuteleza, kuteleza, kuungua kwa pasi. Kidole kilisimama kwenye mwezi wa tatu.

"'Wafanyakazi watatu wamerudishwa nyumbani. Mafua.' Watu watatu, siku moja?"

"Mafua yanaambukiza."

"Ulijaza saa hapa. Wote saa mbili na robo asubuhi. Mafua gani yanaambukiza kwa mpigo hivyo?"

Meneja alitazama saa yake ya mkononi. "Mkaguzi, nina shuka mia sita za hospitali zinazooza kwenye makapu. Utaniruhusu kuwasha mashine lini?"

"Mpaka nijue nani alimuua yule mama, hakuna kitu kinachozunguka hapa zaidi ya hiyo feni."

*

Mwendesha mashine namba tatu alikuwa amekaa juu ya kapu la shuka lililopinduliwa, akitikisa mguu. Watu wasiozoea ukimya hukaa hivyo. Wenzake walimwita Kiredio. Ndiye aliyemburuta marehemu kutoka kizingitini, na maelezo yake polisi ndiyo yaliyomfunga Mama Dawa.

"Ulimwambia Sajini kwamba Mama Dawa alitishia kumuua wifi yake," Mkaguzi alianza, akisimama mbele yake. "Ni kweli?"

"Kweli tupu. Juzi, saa nne ya chai."

"Alisemaje? Maneno yenyewe."

"Alisema, 'Wifi, ukinigusia tena kikombe changu nitakuua, nikuzike nacho.'"

"Halafu?"

"Marehemu akasema, 'Nizike, lakini kwanza tafuta wa kumpikia huyo mdogo wako, maana mlivyomlea hata kuchemsha maji hajui.' Tukacheka mpaka chai ikamwagika. Wale ndivyo walivyosalimiana, Mkaguzi. Siku wasipotukanana tulikuwa tunauliza nani anaumwa."

"Hilo la pili halimo kwenye maelezo yako."

"Litakuwemoje? Sajini aliniuliza, 'Alitamka neno kuua?' Nikasema alitamka. Nikataka kuendelea, akaniambia nijibu ninachoulizwa, nifupishe." Aligonga kifua. "Mimi naitwa Kiredio. Mtu akinifupisha ananizima."

"Leo sikufupishi. Ni dumu gani lina nini, mnajuaje?"

"Vitambaa. Mama Dawa anafunga kitambaa kwenye mkono wa dumu. Chekundu ni klorini, cheupe ni asidi. Hata asiyesoma anaelewa. Lebo za kiwandani zinakuja kwa lugha za huko zilikotoka, na nusu zimechunika. Yeye alianzisha vitambaa baada ya yale mafua."

"Nani alikwambia yalikuwa mafua?"

"Si ndivyo yalivyoandikwa? Mimi mwenyewe nilitapika mafua siku ile, macho yanatoka mafua, kifua kinawaka mafua." Alitema mate pembeni, akaomba radhi kwa mkono. "Mtu alichanganya madumu. Kidogo tu, nusu kikombe. Tukapona. Ofisi ikaandika mafua, Mama Dawa akaenda nyumbani akarudi na vitambaa. Tangu hapo hatujakosea hata siku moja. Mpaka jana."

"Jana kilikuwa cheupe?"

"Cheupe. Nimekiona kwa macho yangu. Nilipomtoa, dumu lilikuwa limelala pale, kitambaa cheupe, na ndani klorini. Hapo ndipo hata mimi nilinyamaza." Sauti ilishuka. "Kitambaa hakijifungi chenyewe, Mkaguzi. Na funguo za stoo ziko mbili. Wa Mama Dawa na wa Meneja."

Hapo ndipo kesi ya Sajini ilipokaa, na ilikaa vizuri. Aliyejaza madumu ni Mama Dawa. Aliyefunga vitambaa ni Mama Dawa. Kila asubuhi aliyemimina ni Mama Dawa, isipokuwa jana tu, ambapo hakuonekana stoo na wifi yake akashika zamu mahali pake. Afungue chekundu, afunge cheupe, aondoke. Hata mtoto angeweza kuisimulia.

"Marehemu hakusikia harufu kabla ya kumimina?"

"Humu? Humu hata mkate wangu unanuka klorini. Pua ziliacha kazi zamani."

Mkaguzi alirudi stoo kwa hatua za haraka, Kiredio nyuma yake. Aliangalia mikono ya madumu, moja baada ya jingine. Hakuna kitambaa hata kimoja.

"Vitambaa viko wapi?" alimwuliza Meneja, aliyekuwa bado anafuta shingo.

"Nilivitoa tulipoweka lebo. Vimeteketezwa pamoja na takataka za asubuhi."

"Vyote?"

"Kile cha ajali wamechukua polisi."

Mkaguzi alimgeukia Kiredio. "Vile vyekundu vilikuwa vya kitu gani?"

"Mwanzoni vilikuwa vipande vya koti la mvua. Plastiki. Vikapasukapasuka. Wiki iliyopita, Jumatatu, akaja na kitambaa chake cha kichwa, chekundu kabisa, kipya. Akakichana mbele yetu. Marehemu akamwambia, 'Wifi, umeona kichwa hakistahili, umevalisha madumu.'"

"Kitambaa cha aina gani?"

"Kizuri. Pamba. Nilikishika."

"Rudia."

"Nilikishika?"

"Kabla ya hapo."

"Pamba," alisema Kiredio, na safari hii yeye ndiye aliyefupisha.

Mkaguzi alitazama michirizi kwenye dumu. Kila mchirizi ulianzia mdomoni, na mdomo wa dumu ulikuwa umekaa kidole kimoja tu kutoka kwenye mkono ambao vitambaa hufungwa. Akafuatisha mchirizi mmoja kwa kidole chenye glavu, akasimama pale ambapo fundo lingekaa.

"Mama Dawa akitaka kitu ofisini, anaombaje?"

"Daftari la maombi. Linakaa chini ya rafu ya sabuni. Yeye anaandika kushoto, bosi anajibu kulia."

Meneja alipiga hatua moja kuelekea rafu ya sabuni. Mkaguzi alikuwa amepiga mbili.

Daftari lilikuwa na jalada lililolowana na kukauka mara nyingi. Alilifungua, akapekua. Mwandiko wa kushoto ulikuwa mkubwa, wa mtu anayeandika amesimama. *Lebo za madumu 24, kwa lugha tunayosoma.* Mwezi wa tatu. Kulia: *Haihitajiki.* Tena mwezi wa tano, maneno yaleyale. Kulia: *Subirini.* Na mara ya tatu, tarehe ya jana: *Lebo 24. Nimekuja mwenyewe, saa moja na dakika hamsini.* Kulia, kwa wino mwekundu na sahihi ndefu: *Tumieni utaratibu wenu.*

"Jana asubuhi Mama Dawa alikuwa ofisini kwako," alisema Mkaguzi.

"Alipita."

"Alipita mpaka saa ngapi?"

Meneja alitazama feni. "Mpaka tuliposikia kelele."

"Polisi wameandika kwamba anadai hivyo, lakini hakuna shahidi."

"Hawakuniuliza."

Mkaguzi aliliweka daftari kwenye mfuko, akaandika saa juu yake, akamwambia Meneja atie sahihi kwamba limechukuliwa. Meneja alishika kalamu kama kijiko cha dawa chungu. Akasaini.

*

Kwenye benchi la nje ya chumba cha Sajini alikaa mwanamume wa miaka thelathini hivi, viatu vyake vimefungwa kamba vibaya. Mkaguzi alimjua kwa picha iliyokuwa kwenye pochi ya marehemu. Alikuwa mumewe, na ndugu wa Mama Dawa.

"Umeshamwona dada yako?"

"Sitaki kumwona."

"Unaamini alifanya?"

"Mimi naamini ninachoambiwa na waliosoma," alijibu bila kuinua kichwa. "Wamesema kitambaa kilibadilishwa. Sasa mimi nibishe nini?"

Sajini alikuwa anakula karanga juu ya jalada la kesi. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika ishirini.

"Karibu, Mkaguzi. Umemaliza kumbukumbu?"

"Nataka kuona kitambaa."

"Kitambaa ni cheupe. Mimi si mtaalamu wa dawa, lakini nyeupe naijua."

"Nataka kukiona."

Sajini alitoa bahasha ya nailoni yenye lakiri. Ndani yake palikuwa na kipande kifupi, kimefungwa fundo moja kubwa, mikia miwili. Walikuwa wamekata mkono wa dumu kwa msumeno, wakachukua vyote pamoja, plastiki na fundo. Kweli kilikuwa cheupe, weupe wa kuchakaa. Mkaguzi alikigeuza ndani ya bahasha, akakisogeza dirishani. Kwenye pindo la mkia mmoja ulipita uzi wa mashine, mshono wa kiwandani. Uzi ulikuwa mwekundu.

"Nani ameshona nguo nyeupe kwa uzi mwekundu, Sajini?"

"Mafundi wana mambo yao."

"Fungua fundo."

"Kielelezo hakifunguliwi ovyo."

"Si ovyo. Piga picha kwanza, andika saa, tutasaini wote wawili. Kikiwa cheupe mpaka ndani, nitakuomba radhi mbele ya mkuu wako na nitanunua karanga za kituo kizima."

Sajini alitafuna polepole, akimpima. Kisha alifuta vidole, akaita askari wa kamera. Picha tatu. Lakiri ikakatwa. Mkaguzi alitandaza karatasi safi, akavaa glavu mpya, akachukua koleo mbili ndogo. Fundo lilikuwa gumu, limekauka kama kigaga. Alilibembeleza upande huu, akalibembeleza upande ule. Karatasi ilipokea vumbi jeupe la dawa iliyokauka.

Mkia wa kwanza ukachomoka. Kitambaa kikafunguka.

Pale kilipokuwa kimejikunja na kujibana, palipokuwa tumboni mwa fundo, kulikuwa na wekundu. Kandokando ulikuwa umefifia kuwa kama rangi ya nyanya iliyopauka, na katikati ulikuwa mbichi kabisa, kama ulivyotoka dukani.

Askari wa kamera alisahau kupiga picha. Sajini ndiye aliyemgusa kiwiko.

"Hakuna aliyebadilisha," alisema Mkaguzi. "Hiki ndicho kile chekundu alichofunga Jumatatu iliyopita. Klorini ndiyo dawa wanayong'arishia shuka zenye damu. Kila wakimimina, tone linapita kwenye mkono wa dumu. Plastiki ya koti la mvua haikujali. Pamba inaliwa rangi. Klorini imejifutia alama yake yenyewe mpaka ikafanana na asidi."

Sajini alivuta kiti karibu. Hakuwa mjinga; alikuwa mvivu tu wa kuanza upya. "Anaweza kuwa alikiloweka nyumbani makusudi, kikawa cheupe, ndipo akafunga."

"Angekiloweka kikiwa wazi, kingepauka chote. Ndani kusingekuwa na kitu. Hiki kimepauka kikiwa kimefungwa palepale, tone kwa tone. Kesi yako inasema mkono ulifungua fundo na kufunga jingine. Fundo linasema tangu Jumatatu ile hakuna mkono uliolifungua, mpaka wangu."

"Na kule kutokuwepo stoo?"

Mkaguzi aliweka daftari la maombi mezani, likiwa wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Sajini alisoma kushoto. Alisoma kulia. Alisogeza karanga pembeni.

"Mleteni," alimwambia askari.

*

Mama Dawa aliingia pekupeku, kichwa wazi, mikono imebabuka hadi viwikoni kama ya mtu aliyevaa glavu za rangi nyingine. Alikuwa mkubwa wa umbo, na chumba kilipungua. Hakuketi mpaka alipoambiwa mara mbili.

"Mama," alisema Sajini, "Mkaguzi ana jambo la kukueleza. Nafikiri ni jema kwako."

Mkaguzi alimweleza kwa ufupi, akionyesha kwa ncha ya koleo bila kugusa. Uzi. Fundo. Wekundu. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika nane. Mama Dawa alisikiliza huku amekazia macho kile kitambaa. Alipofika mwisho, Mkaguzi alingoja shukrani, au kilio.

"Kwa hiyo klorini ilikula rangi," alisema Mama Dawa.

"Ndiyo."

"Mimi natoa damu kwenye shuka kwa dawa hiyo miaka kumi na moja. Naijua inavyokula rangi kuliko ninavyojua kusali." Alivuta pumzi kupitia meno. "Na bado nikaifungia pamba."

"Ulikuwa umeomba lebo mara tatu. Hilo nalo limeandikwa."

Mama Dawa hakuwa anasikia tena. Kichwa chake kiligeuka kuelekea saa.

"Tawi la pili," alisema.

"Tawi la pili la dobi limefanyaje?"

"Zamu yao ya mchana inamimina saa saba." Aliinuka. Askari naye aliinuka. "Kitambaa kilikuwa kikubwa. Nusu nilichana nikampa mwenzangu wa stoo ya kule, naye afunge kama mimi. Jumatatu ileile."

Sajini aliinua kiganja. "Mama, kaa kwanza. Unajua unachosema? Sasa hivi nilikuwa nakufutia shtaka. Ukisema umesambaza kitu hicho sehemu ya pili, naandika. Kuna uzembe hapo, na uzembe nao una kifungo chake."

"Andika! Nimekukataza? Nipe simu kwanza."

Mkaguzi alikuwa ameshampa yake. Vidole vya Mama Dawa, vikubwa na vyenye magamba, vilibonyeza namba bila kusita hata moja. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Alibonyeza tena, akaweka sauti ya nje, akaishika mbele ya mdomo kama kipaza sauti. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kule kwenye benchi, mwanamume wa viatu vilivyofungwa vibaya alikuwa amesimama.

Iliita mara nne.

"Nani?" Sauti ya mwanamke, yenye mwangwi wa chumba kisicho na dirisha.

"Mimi. Uko wapi?"

"Mama Dawa! Si wanasema umefungwa?"

"Nimefungwa. Uko wapi?"

"Stoo, nataka kujaza tangi. Pole, mwenzangu, pole sana. Nimelia mpaka..."

"Utalia baadaye. Mkononi umeshika nini?"

"Dumu. La asidi."

"Umeshalifungua?"

"Nimefungua kizibo sasa hivi. Nimeweka simu begani."

Mkaguzi alisogea hadi mezani. Mama Dawa alimwinulia kidole, asiseme kitu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, ya dada mkubwa anayeuliza habari za jikoni.

"Sikia. Liweke chini, polepole, lisichuruzike. Umeliweka?"

"Nimeweka. Kwani kuna nini?"

"Rudisha kizibo. Usilinuse. Kisha tazama rafuni, unihesabie. Vitambaa vyekundu viko vingapi?"

"Vyekundu?" Hatua mbili zilisikika, kandambili juu ya saruji iliyolowa. "Ngoja. Hiki cheupe. Hiki cheupe. Hiki..." Bomba lilisikika likidondosha mahali fulani ndani ya simu. "Mama Dawa, vyote ni vyeupe."

"Vyote?"

"Kumi na viwili. Hakuna chekundu hata kimoja. Nani amebadilisha vitambaa vyangu?"

"Hakuna aliyebadilisha. Toka humo. Acha mlango wazi, washa feni, funga bomba la kwenda kwenye mashine. Mtu yeyote asiingie, hata bosi akija na mbwa. Kaa mlangoni wewe mwenyewe. Anakuja mama mmoja mkaguzi, atakuja na vyombo vyake apime kila dumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mama Dawa, mikono inanitetemeka."

"Itetemeke ukiwa nje."

Alingoja mpaka aliposikia kandambili zikitoka kwenye saruji, na kelele za ua, na mlango ukigonga ukuta. Ndipo aliporudisha simu. Mkaguzi aliipokea na palepale alianza kukusanya begi lake: kipimo cha hewa, glavu, barakoa mbili, utepe wa kuzuia njia.

Sajini alikuwa ameshika fomu ya mashtaka. Aliitazama kama barua iliyofika nyumba isiyo yake. Neno *mauaji* alilipiga mstari mara moja, akasaini pembeni, akaandika saa.

"Hapa panataka jina," alisema. "Kwenye uzembe. Nimwandike nani?"

"Anza na huyu aliyejibu kulia," Mkaguzi alisema, akigonga daftari. "Feni ilizimwa na yeye. Mafua yaliandikwa na yeye. Lebo alinyima yeye, na jana jioni akazibandika ili kuficha. Kila kimoja nitakuandikia na kifungu chake kabla ya saa kumi."

"Na langu liandike," alisema Mama Dawa.

"Mama, unaweza kunyamaza," alisema Sajini.

"Niandike chini yake. Andika nilifunga pamba. Watu wa dobi nyingine watakaposoma waone na hilo, wasije wakasema shida ilikuwa bosi peke yake, halafu kesho wakafunga pamba." Alisoma midomo ya Sajini, aliyekuwa akitamka kila neno analoandika. "Pamba, si kitambaa. Andika pamba."

Sajini aliandika pamba.

Mlangoni palikuwa na kivuli. Mdogo wake alikuwa ameingia nusu, mkono kwenye fremu, macho yamevimba. Alisikia yote na sasa alikuwa na mengi ya kusema.

Mama Dawa hakumngoja. "Wamemweka wapi?"

"Bado kule hospitali. Wanasema hawanipi peke yangu, dada. Wanataka sahihi ya ndugu wawili. Tangu asubuhi nazunguka, sina wa pili."

Mama Dawa alimgeukia Sajini. Hakuuliza kwa maneno. Sajini alitazama fomu, akatazama saa, akamtazama Mkaguzi, ambaye alikuwa ameshafika korido akikimbia na begi lake begani.

"Nenda ukasaini," alisema Sajini. "Saa kumi uwe hapa."

"Nitakuwa hapa."

Alipita mbele ya mdogo wake, pekupeku, akashika njia ya hospitali. Yule mwanamume alibaki kizingitini kwa muda wa pumzi moja, kisha akamfuata, akitembea hatua mbili nyuma, kamba za viatu zikiburuzika sakafuni.